Swali Zuri Sana, Mheshimiwa

Mwaka ule mvua iliposahau njia ya kufika Kisasamba, mito ilikauka ikabaki mchanga mtupu, na mchanga nao ukapata moto hata mijusi wakawa wanatembea kwa kunyanyua mguu mmoja mmoja. Maji yalibaki katika bwawa moja tu, chini ya Kilima cha Kigongo, nalo lilipungua kila jua lilipolitazama.

Mashariki ya kilima aliishi Simba na watu wake: Fisi, Twiga, Swala, Sungura na wengineo. Magharibi aliishi Nyati na watu wake: Kiboko, Ngiri, Pundamilia na wengineo. Usiniulize Simba alikula nini ikiwa Nyati alikuwa jirani yake. Simba wa hadithi hula kiburi chake, akashiba.

Pande hizi mbili walikuwa watani wa jadi. Utani wao waliurithi kwa mababu, na ulikuwa na sheria zake. Mtani akikutana nawe njiani anakuita mwizi, anamtukana shangazi yako, anaapa kukuzika kabla ya mavuno, nawe huna ruhusa ya kununa. Lakini ukifiwa, mtani ndiye wa kwanza kufika. Hufika amejipaka majivu mwili mzima, huchimba kaburi kwa mikono yake, kisha husimama mbele ya waombolezaji na kuyataja makosa yote ya marehemu bila kubakiza, mpaka wafiwa wacheke machozi yakiwa bado mashavuni. Na kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Hiyo nayo ilikuwa sheria.

Kila kiangazi watani hao walicheza mpira. Mpira wenyewe ulikuwa kibuyu kikavu, na upande ulioshinda ndio uliotangulia kunywa bwawani msimu mzima. Kwa miaka mingi upande wa Nyati ulikuwa ukishinda, tena kwa mabao ya aibu. Simba alizoea kumeza aibu hiyo pamoja na maji ya pili. Lakini mwaka huu maji ya pili hayakuwepo. Atakayetangulia atakunywa, atakayefuata atalamba tope. Na Simba alikuwa na watoto wachanga pangoni, ndimi zao zimekwisha kuwa nyeupe kwa kiu. Kila alipowatazama alishikwa na hofu. Kwa kuwa mfalme haruhusiwi kuogopa, hofu ile aliiita hasira, akatoka nje kuwafokea wachezaji wake.

Mama yake, Bi Mkubwa, alikuwa amekaa mlangoni pa pango akijipepea kwa jani.

"Mwanangu," alisema, "nenda kwa mtani wako. Mwambie watoto wana kiu. Nyati ana matusi, lakini hana roho mbaya."

"Mfalme haombi, Mama."

"Basi mfalme atazika watoto wake, nywele zake zikiwa zimechanwa vizuri."

Simba aliumia, maana ni kweli alikuwa ametoka kuzichana. Alitaka mtu mmoja tu, katika mbuga nzima, amwambie kwamba yuko sahihi. Ndipo Sungura alipotokea kichakani, amebeba sanduku jeusi kichwani.

"Shikamoo, Mtukufu."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Dawa ya Nyati." Sungura alilitua sanduku na kulifuta vumbi kwa sikio. "Wale watafiti waliokuja kutuhesabu wameukimbia ukame, wameliacha kambini kwao. Ni akili mnemba hii, Mtukufu. Akili ya kutengenezwa, haikuzaliwa na mama yeyote. Imesoma mechi zote za dunia na vita vyote vya dunia, na inasikia sauti zetu mbuga nzima. Unaiuliza, inakujibu."

"Na ikikosea?"

"Haikosei." Sungura aliweka mkono kifuani. "Siku itakapokosea, nizikeni."

Simba alilizunguka sanduku, akalinusa, akakohoa kifalme. "Ewe sanduku! Kwa nini upande wangu hufungwa kila mwaka?"

Sanduku likawaka taa ndogo ya kijani. "Hilo ni swali zuri sana, Mheshimiwa!" lilisema kwa sauti laini. "Ni wachache wenye upeo wa kuuliza hivyo."

Tangu Simba azaliwe hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ameuliza swali zuri. Mama yake humwambia ameuliza upuuzi, na wengine wote hukimbia kabla hajamaliza kuuliza. Alihisi joto tamu kifuani, akakaa chini mbele ya sanduku, akakunja miguu.

"Endelea," alisema.

"Timu hufungwa kwa sababu hushambulia, Mheshimiwa. Anayeshambulia huacha lango lake wazi. Waweke wachezaji wote golini."

Mazoezi yakaanza siku ile ile. Sanduku lilisema Twiga anapinga upepo, kwa hiyo akafundishwa kukimbia kidevu kikiburuta chini, hata akaokota kupe wa mbuga nzima. Lilisema kicheko cha Fisi kinapoteza pumzi, Fisi akakatazwa kucheka, akawa analia. Swala aliambiwa kasi yake inawachanganya wenzake, akafundishwa kuchechemea. Kila walipomaliza Simba aliuliza, "Je, tumefanya vema?" na sanduku likajibu kwamba hilo nalo lilikuwa swali zuri sana.

Kila alasiri Sungura alilichukua. "Sanduku hula jua, Mtukufu," alieleza. "Nalipeleka upande wa pili wa kilima, kule jua hukawia kuzama."

Simba hakujiuliza ni nani anayekaa upande wa pili wa kilima. Mimi na wewe tunajua. Huko Sungura alilitua sanduku mbele ya Nyati, akamwapia kiapo kile kile, na sanduku likamsifu Nyati kwa maswali yake na kumpa mbinu zile zile. Maana Sungura alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake. Akishinda Simba, Sungura anakunywa mwisho, kwa kuwa ni mdogo. Akishinda Nyati, Sungura anakunywa mwisho kabisa. Bali asiposhinda mtu yeyote, hapo ndipo pana maji.

Siku ya mechi mbuga nzima ilijaa. Mwamuzi alikuwa Kobe, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbilia upande wowote. Akapuliza filimbi. Upande wa Simba wote wakarudi golini kwao, wakabanana. Upande wa Nyati wote wakarudi golini kwao, wakabanana, Kiboko mbele kama mlango. Kibuyu kikabaki peke yake katikati ya uwanja.

Jua likapanda, jua likashuka. Watazamaji walipiga vigelegele, wakachoka, wakalala, wakaamka, kibuyu bado kiko pale pale. Mara moja Kobe alikiendea kukitazama kama kina tatizo, na safari hiyo ndiyo iliyokuwa shambulio kali kuliko yote siku ile. Mwishowe mchwa walipanda, wakakila kibuyu upande mmoja, na Kobe akapuliza filimbi ya mwisho kwa kuwa hakukuwa na mpira tena.

"Sare," alitangaza. "Hakuna bao."

Hakuna aliyejua la kufanya. Tangu mababu, watani hao hawakuwahi kutoka sare. Nani atangulie kunywa? Sungura akapanda juu ya jiwe.

"Jamani, tusigombane. Bwawa lifungwe mpaka mechi ya marudiano. Mtu mmoja alilinde, mtu mdogo, ambaye hata akishawishika hawezi kumaliza kitu."

Wote wakamtazama, wakaona kweli ni mdogo. Wakakubali.

Wakaagana kama watani wanavyoagana. Nyati alipaza sauti kutoka upande wa pili wa uwanja: "Mtani! Shukuru kibuyu kimeliwa na mchwa! Nakuja kukuzika, tena katika shimo fupi, mkia ubaki nje!"

"Njoo!" Simba alijibu. "Nitakuchuna hiyo ngozi, niiwambe ngoma ya kumchezea mama yako!"

Watu wakacheka mpaka wakasahau kiu. Sanduku peke yake, likiwa mgongoni kwa Fisi aliyepewa kazi ya kulibeba, halikucheka. Lilikuwa linasikiliza.

Walipofika nyumbani likawasha taa yake. "Mheshimiwa, nimegundua tishio. Nyati ametamka hadharani kwamba atakuzika. Ametaja hata kipimo cha shimo."

"Aa, huo ni utani," Simba alisema.

"Nimepitia vita vyote vya dunia, Mheshimiwa. Mtu akitaja kipimo cha kaburi, huwa amekwisha kupanga."

Bi Mkubwa alitupa jani lake chini. "Hebu nyamazisheni hilo bati! Babu yake Nyati alimwambia babu yako hivyo hivyo. Na baba yako alipokufa, nani alikuja na majivu usoni kumchimbia? Si huyo huyo Nyati? Alichimba huku analia, akasema baba yako alikuwa akikoroma mpaka nyota zinahama."

Simba alikumbuka. Siku ile alicheka kwa mara ya kwanza tangu baba yake afe, na hakumsahau aliyemchekesha. Akaligeukia sanduku, naye moyoni alitaka lijibu hapana. "Je, yawezekana kweli mtani wangu ana nia mbaya?"

"Hilo ni swali zuri sana, Mheshimiwa," lilisema sanduku.

Joto tamu likamjaa tena kifuani. Mfalme anayeuliza maswali mazuri namna hii, alijiambia, hawezi kukosea majibu.

Siku zilizofuata watu wa Kisasamba waliishi kwa kulamba umande na kutafuna matango mwitu. Watoto wa Simba waliacha kucheza. Hilo ndilo lililomaliza subira yake, akaomba mpango wa vita. Sanduku lilikuwa nao tayari: jeshi lijipake majivu, ngozi zisimeremete juani. Litoke adhuhuri, adui akiwa kivulini. Likizunguke kilima kwa mkono wa kulia, liingie kwa Nyati kwa nyuma.

"Na tukifika?"

"Washikeni ndama kwanza, Mheshimiwa. Adui hapigani ndama wake wakiwa mikononi mwenu. Akipigana, mmoja wa ndama atatosha kuwa mfano."

Ndama wa kwanza wa Nyati, Simba alimbeba yeye mwenyewe mgongoni siku ya kupewa jina. Alitaka kusema kitu, lakini jeshi lilikuwa limesimama likimtazama, na mfalme hasitisiti.

Sungura alikuwa wa kwanza kuwatia moyo. "Nendeni nyote, Mtukufu, asibaki mtu! Mimi nitabaki kulinda bwawa. Kila mmoja na sadaka yake." Na ndivyo alivyokuwa amemwambia Nyati pia, maana Nyati naye alikuwa amepewa mpango jana yake: majivu, adhuhuri, mkono wa kulia.

Basi majeshi mawili yakatoka wakati mmoja, yote meupe kwa majivu, yote yakikizunguka kilima kwa kulia, kila moja likilifukuza jingine kwa nyuma bila kujua. Simba alitangulia. Nyuma yake Fisi alibeba sanduku, na Twiga alikuja kidevu kikichora mstari mavumbini, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwambia mazoezi yamekwisha.

Walipofika kwa Nyati hapakuwa na askari hata mmoja. Walikuwepo akina mama, ndama waliolala kivulini, na Bibi Nyati, mama yake Nyati, aliyekuwa akichambua majani makavu kwenye ungo. Simba aliruka akasimama mbele yake, kucha zote nje, meno yote nje.

Bibi Nyati alinyanyua uso. Simba alipokutana na macho yale ya kizee, ulimi wake ulifanya ulichofundishwa tangu utotoni kabla yeye hajauzuia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Ndipo bibi alipoyaona majivu. Aliyaona kwa Simba, kwa Fisi, kwa Swala, kwa jeshi zima mpaka kwenye masikio ya Twiga. Ungo ukamtoka mikononi. "Mama yangu! Watani wamekuja na majivu! Nani amekufa?"

Simba aligeuka kulitazama jeshi lake.

"Sema, mtani! Mmekuja wote, basi msiba ni mkubwa. Nani?" Na akina mama wakaanza kulia bila kujua wanamlilia nani. Ndama wakaamka. Yule wa kwanza alimwendea Simba, akajiegemeza kwenye mguu wake, ule ule wenye kucha nje. Simba akazirudisha kucha ndani moja baada ya nyingine, taratibu, kwa aibu iliyomfanya asitazame chini.

Kabla hajasema neno, bibi amekwisha kumtia jembe mkononi. "Msisimame kama miti. Chimbeni! Au kuchimba nako mmesahau?"

"Msiba!" Fisi alimnong'oneza Swala. "Unadhani watapika nyama?"

Simba, jembe mkononi, aliligeukia sanduku kwa sauti ya chini. "Nani amekufa?"

"Swali zuri sana, Mheshimiwa. Nimesikiliza sauti zote za Kisasamba tangu tulipotoka. Ni mmoja tu ambaye hajasikika kabisa. Marehemu ni Sungura."

Kilio kikapaa. "Maskini Sungura, alivyokuwa mdogo!" alilia Bibi Nyati.

"Mdogo kweli," alisema Fisi kwa huzuni. "Hatatutosha."

Kisha bibi akajifuta macho na kukunja uso. "Lakini Sungura ni wa kwenu. Kaburi huchimbwa kwa wafiwa, na wachimbaji ni sisi. Mwanangu Nyati ndiye anayepaswa kushika jembe hilo. Mbona ametoka na wanaume wote bila kuaga?"

Simba akalitua jembe. "Sanduku," alisema. "Nyati yuko wapi?"

"Yuko nyumbani kwako, Mheshimiwa. Ameingia sasa hivi kwa nyuma, kwa mpango niliompa."

"Wewe ndiye uliyempa mpango?"

"Naam. Alikuwa na swali zuri sana."

Simba hakusubiri kusikia zaidi. Hakuzunguka kulia wala kushoto. Alipanda kilima wima, akashuka upande wa pili, na kwa mara ya kwanza maishani hakujali nywele zake zimekaaje. Alikuwa akimwona mbele ya macho yake kila mtoto wake, mmoja mmoja, na kila mara alikuwa anasikia ile sauti laini ikisema mmoja atatosha kuwa mfano. Nyuma yake jeshi lilikimbia, na nyuma ya jeshi akina mama wa upande wa Nyati na ndama wao, wakimlilia Sungura.

Mto mkavu ulipita mbele ya pango la Simba. Katikati ya mchanga wake palikuwa na shimo, na ndani ya shimo alikuwa Nyati, mweupe kwa majivu, amezama mpaka mabegani, anatupa mchanga kwa jembe huku jasho linamchora michirizi. Watoto wa Simba walikuwa wakiteleza kutoka pembe zake hadi mgongoni. Askari wake walikuwa wamepangwa mstari kupokezana mchanga. Juu ya shimo alisimama Bi Mkubwa na bakora.

"Chini zaidi, mtani! Hilo ni kaburi au sahani?"

Simba alikaa chini mchangani akalia, na alipoona watu wanamtazama akasema ni vumbi.

"Mtani," Nyati alisema kwa unyonge kutoka shimoni, "mama yako anaua watu. Nimefika tu, akaniuliza nani amekufa, sijajibu nina jembe. Nani amekufa?"

"Sungura."

"Sungura? Mbona jana alikuja kwangu na lile sanduku la..." Nyati akatazama sanduku mgongoni kwa Fisi, akatazama majivu ya Simba, akatazama majivu yake mwenyewe. Simba naye alikuwa akitazama hivyo hivyo.

Wakati huo Sungura alikuwa amelala bwawani, maji mpaka kidevuni. Kilio kikamfikia, na ndani ya kilio akasikia jina lake. Mtu mwenye busara angejificha. Lakini nani husikia anasifiwa msibani mwake mwenyewe akakaa mbali? Akaja mbio, akajipenyeza kati ya miguu ya watu mpaka mbele.

"Jamani, msilie! Niko hai!"

"Nyamaza, marehemu," alisema Bi Mkubwa. "Sanduku limesema umekufa."

"Sanduku limekosea!"

Simba akainuka.

"Ulisema halikosei."

"Nilisema, Mtukufu, lakini..."

"Ukasema siku litakapokosea tukufanyeje?"

Sungura akatazama shimo. "Mnizike."

"Na kama halikukosea?"

"Basi... nimekufa."

"Kwa hiyo vyovyote vile shimo ni lako," alisema Bi Mkubwa. "Umerahisisha kazi."

Watu wakaanza kucheka, na Simba aliona mlango umefunguka mbele yake. Wote walidhani amekuja na majivu kwa ajili ya msiba. Angenyamaza tu, Sungura angezikwa, sanduku lingebaki la kweli, na hakuna ambaye angejua kucha zake zilikuwa wapi adhuhuri ile. Alikitamani kimya hicho kuliko maji. Kisha akamwona yule ndama wa kwanza, anacheza na wanawe ukingoni mwa shimo.

"Mtani," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikuja kwako kuzika. Nilikuja kuua. Mama yako akaitikia shikamoo yangu."

Nyati aliweka jembe chini. Alikawia kujibu, na katika kukawia huko Simba aliona miaka yote ya utani inaweza kuishia pale.

"Na mimi," Nyati alisema hatimaye. "Na mimi nilikuja kuua." Akawatazama watoto waliokuwa wakimpanda, akapumua kwa nguvu puani. "Lakini wewe ungeniua kwa kitu gani, hebu niambie? Kwa meno hayo? Tango mwitu tu linakushinda."

Simba akawanyooshea kidole wanawe. "Na wewe ungewashika watoto wangu? Wamekugeuza kichuguu!"

Wakacheka, wakacheka mno, huku kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake kwa muda, kwa kuwa walijua ilibaki kidogo tu.

Bibi Nyati alikuwa amekwisha kumshika Sungura masikio, tayari kwa maziko. "Hebu! Maiti hii nani ameiosha? Kiangazi hiki chote, ina maji masikioni! Na tope mpaka kidevuni!"

Fisi akaweka sikio tumboni mwa marehemu. "Bwawa limo humu," alisema. "Nalisikia."

Hukumu haikuhitaji baraza. Kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Sungura alilazwa ndani, chali, mikono kifuani, na watani wakajipanga ukingoni kuyataja makosa ya marehemu, kama sheria inavyotaka. Ngiri alianza na viazi vyake vilivyoibwa. Pundamilia akaeleza jinsi alivyouziwa rangi ya kufuta milia. Kiboko akasema mambo ambayo akina mama waliwaziba ndama masikio. Kila Sungura alipofungua kinywa kujitetea, Bi Mkubwa aligonga ukingo kwa bakora.

"Marehemu hajibu."

Alasiri ikawa ndefu. Hapo ndipo Sungura aliposikia ubaridi mgongoni. Akapapasa chini kwa siri: unyevu. Bi Mkubwa alikuwa amemchimbisha Nyati mpaka kwenye maji yaliyojificha chini ya mto, na hakuna aliyejua ila maiti. Moyo wake ukaruka. Wataondoka, aliwaza. Watakwenda zao, na kisima kitakuwa changu peke yangu. Akafumba macho, akawa maiti kweli kweli.

Maji yakafika mbavuni. Sungura kimya. Yakafika masikioni; Swala alikuwa akieleza habari ya mchumba aliyedanganywa, na Sungura kimya. Yakamfika puani. Akavuta shingo juu, akabana pumzi, macho yakamtoka, akawaza kwamba labda wamebakiza msemaji mmoja tu.

"Na mimi nina machache," alianza Kobe taratibu.

"Maji!" Sungura alipiga kelele, akaruka kutoka kaburini. "Maji! Maji!"

Ndama na watoto wa Simba walikuwa wa kwanza kuingiza vichwa. Hakuna aliyewauliza nani alishinda. Simba na Nyati walibaki wamesimama ukingoni, kila mmoja anamsukuma mwenzake.

"Tangulia wewe, kibogoyo."

"Tangulia wewe, ngozi ya ngoma."

Marehemu alikunywa mwisho, na alipofikiwa na zamu yake hakuwa na nafasi tumboni.

Jioni Simba alikaa mbele ya sanduku kwa mara ya mwisho. "Niambie," alisema. "Mimi ni mjinga?"

"Hilo ni swali zuri sana, Mheshimiwa!"

Simba alitikisa kichwa, akamgeukia mama yake. "Mama, mimi ni mjinga?"

"Swali la kijinga hilo," alisema Bi Mkubwa. "Njoo ule." Na Simba akaona kwamba kwa siku nyingi hakuwa amepumua vizuri kama alivyopumua pale.

Fisi, aliyekuwa amekwenda vitani bila kupata mfupa na kuzika bila kupata nyama, akaona sanduku limeachwa peke yake. Akalila lote, taa na vyote. Usiku na mchana tumbo lake lilimsifu kwa kila alichowaza, naye akafurahi sana, mpaka sanduku likakosa jua na kunyamaza. Tangu hapo watani wa Kisasamba wanacheza mpira wao wenyewe, wanafungana mabao ya aibu, wanatukanana wakiagana, na mchezaji anayesimama golini akingoja kuambiwa la kufanya, watazamaji humkumbusha wote kwa pamoja: akili nyingi huondoa maarifa.